Nani Hulipia Elimu ya Haki? Chuo cha Berea na Mkono wa Wafadhili

Mjadala wetu kuhusu vyuo na wafadhili umekwama mahali pamoja kwa miaka mingi. Upo upande unaosema kwamba fedha ni fedha, ilimradi hesabu zimekaguliwa na ripoti imepelekwa kwa wakati. Upo upande mwingine unaosema kwamba hakuna mkono unaotoa bila kutafuta, na kwamba kila hundi itokayo ng'ambo imefungwa kamba ambayo siku moja itavutwa. Nimezisikia hoja zote mbili katika vikao vya kitivo, katika vijiwe vya kahawa na katika safu za magazeti, na kila mara naona kwamba wasemaji wa pande zote wanaizungumzia fedha kana kwamba haina historia.

Swali ninalolileta leo ni jembamba zaidi na, kwa maoni yangu, ni gumu zaidi. Mfadhili akijenga maabara, maabara hubaki maabara. Lakini akitoa fedha ili vijana wafundishwe haki za jamii, wafundishwe kuuongoza umma dhidi ya dhuluma, amefadhili kitu ambacho kikifaulu kweli kweli kinaweza kumgeukia yeye mwenyewe, au tabaka lake, au serikali anayokaa nayo kwa amani. Huko Marekani misaada ya namna hii ipo mpaka leo. Mwaka 2012, kwa mfano, Arcus Foundation ilikipa Chuo cha Kalamazoo, ambacho kilianzishwa na Wabaptisti katika jimbo la Michigan, dola milioni 23 kwa ajili ya kituo cha uongozi wa haki za jamii. Mtu anaweza kudhani kwamba hili ni jambo la karne yetu. Sivyo. Chuo cha Kikristo kilichoupitia mtihani huu kwa uchungu mkubwa kipo kwenye vilima vya Kentucky, jina lake ni Berea, na habari zake, kama nitakavyoonyesha, zinafika hadi Kabete na Githunguri.

Mwanzilishi wake, John Gregg Fee, alizaliwa mwaka 1816 katika nyumba ya mmiliki wa watumwa. Alikwenda kusomea uchungaji katika seminari ya Lane, Cincinnati, ng'ambo ya mto Ohio, na huko akashawishika kwamba utumwa ni dhambi isiyo na utetezi. Baba yake alimkana na kumnyima urithi. Ipo habari moja ya familia hiyo ambayo huwasimulia wanafunzi wangu kabla ya kufika kwenye chuo chenyewe. Fee alimnunua kutoka kwa baba yake mwanamke mtumwa aitwaye Julett Miles, kwa nia ya kumwacha huru, naye akamwacha huru kweli. Watoto wa Julett, hata hivyo, walibaki mali ya mzee Fee. Mwaka 1858 mama huyo alirudi Kentucky kuwatorosha watoto na wajukuu wake, akakamatwa kabla ya kuvuka mto, akahukumiwa, na akafia gerezani. Naikumbuka habari hii kila ninaposoma maandishi yanayouita ufadhili "ukombozi". Fee alitoa alichokuwa nacho, na kilitosha kumweka huru mtu mmoja. Sheria iliyowashika wengine ilibaki pale pale.

Ardhi ya Berea ilikuwa zawadi. Aliyeitoa ni Cassius Marcellus Clay, tajiri na mwanasiasa wa Kentucky aliyekuwa amewaacha huru watumwa wake na kuhariri gazeti la kupinga utumwa. (Jina hilo halijapotea: karibu miaka mia moja baadaye baba mmoja Mweusi wa Louisville, aliyekuwa amepewa jina la Clay huyu, alimrithisha mwanawe, na mwanawe ndiye tuliyemjua baadaye kama Muhammad Ali.) Clay alimpa Fee ekari kumi katika wilaya ya Madison, na pamoja na ekari hizo akampa kitu cha thamani zaidi katika Kentucky ya wakati ule, yaani ulinzi wa jina lake na wa bunduki za marafiki zake. Fee alipaita mahali hapo Berea, kwa kumbukumbu ya mji wa Matendo ya Mitume ambao watu wake waliyachunguza maandiko kwa moyo mweupe. Mwaka 1855 ikaanza shule ya chumba kimoja.

Urafiki huo haukudumu hata miaka mitatu. Tarehe 4 Julai 1856, katika mkutano wa hadhara wa sikukuu ya uhuru, Fee alisema mbele ya Clay kwamba sheria inayopingana na sheria ya Mungu haimfungi mtu, na alikuwa anaizungumzia sheria ya mwaka 1850 iliyowalazimisha raia kuwarudisha watumwa waliotoroka. Clay aliupinga utumwa, lakini aliupinga kama mwanasiasa: utumwa uondolewe kwa kura na kwa sheria ya jimbo, polepole, bila mtu kuivunja sheria iliyopo. Akatamka pale pale kwamba hakubaliani na Fee, na ulinzi wake ukaondoka naye. Kuanzia hapo makundi ya watu wenye silaha yakaanza kumwandama Fee kila alipokwenda kuhubiri.

Nalitazama tukio hilo kwa makini kwa sababu Clay hakuwa mnafiki. Wafadhili wengi wa haki si wanafiki. Wanaiamini haki kweli, mpaka kwenye mpaka fulani ambao wao wenyewe hawajauchora hadharani, na ambao mfadhiliwa huugundua siku anapouvuka.

Tukio la pili ni la ajabu zaidi. Mwaka 1859 waasisi walikuwa wameandika katiba ya chuo iliyojitenga na utumwa, na ubaguzi wa tabaka, na ushindani wa madhehebu. Katiba bila fedha ni karatasi, kwa hiyo Fee akaenda mashariki kuomba michango. Wakati huo huo, mwezi Oktoba, John Brown alivamia ghala la silaha la Harpers Ferry kwa nia ya kuwasha uasi wa watumwa. Akiwa Brooklyn, katika kanisa la mhubiri maarufu Henry Ward Beecher, Fee alisema kwamba nchi inawahitaji watu wenye moyo wa kujitoa kama wa Brown, ingawa si kwa kutumia njia zake. Magazeti ya Kentucky yalichukua nusu ya kwanza ya maneno hayo na kuiacha ya pili. Mwezi Desemba watu wapatao sitini, wakiwa juu ya farasi na wenye silaha, walifika Berea na kuwapa waalimu na familia zao siku kumi wawe wameondoka. Waliondoka. Hotuba iliyokusudiwa kukijenga chuo ndiyo iliyokifunga, kwa sababu maneno yanayowapendeza wachangiaji wa mbali hufika pia kwenye masikio ya majirani wa karibu. Wenzangu wanaoandika maombi ya fedha kwa Kiingereza fasaha, wakiamini kwamba hayatasomwa nyumbani, wangefaidika kuikumbuka safari hiyo ya Brooklyn.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Fee alirudi, na mwaka 1866 chuo kikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Walipoingia Weusi wa kwanza baadhi ya Wazungu walitoka darasani, na baadhi yao walirudi. Mwaka ule wa kwanza kulikuwa na wanafunzi 187: Weusi 96 na Wazungu 91. Ninaomba msomaji asizipite takwimu hizo haraka. Hii ni Kentucky, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa, na watoto wa waliokuwa watumwa wanakaa benchi moja na watoto wa wakulima Wazungu, wanasoma kitabu kimoja, wanasali pamoja. Fedha zilitoka kwa American Missionary Association, kwa makanisa ya kaskazini na kwa idara ya serikali kuu iliyoundwa kuwahudumia walioachwa huru. Kwa takriban robo karne hali ilibaki hivyo. Mwaka 1872 bodi iliamua hata kwamba chuo hakitawazuia vijana wa rangi tofauti kuchumbiana, uamuzi ambao vyuo vingi vya Marekani visingethubutu kuuandika kwa miaka mingine tisini.

Kisha wafadhili wakachoka.

Sidhani kama kuna neno lililo sahihi zaidi ya hilo. Kufikia miaka ya 1890 kaskazini na kusini zilikuwa zinapatana juu ya migongo ya Weusi, na tajiri wa Boston aliyetaka kuwasaidia Weusi alielekezwa Hampton au Tuskegee, shule za Weusi peke yao zilizosisitiza kazi za mikono. Chuo cha mchanganyiko kilikuwa kinauza bidhaa isiyo na wanunuzi. William Goodell Frost, aliyeshika urais wa Berea mwaka 1892, alilielewa soko hilo kuliko mtu yeyote kabla yake. Alianza kuwaeleza wachangiaji habari za Wazungu maskini wa milima ya Appalachia: watu hodari, waliosahauliwa, ambao wengi wao hawakumiliki watumwa na waliibeba bendera ya Muungano wakati wa vita. Mwaka 1899 aliandika juu yao katika jarida la Atlantic Monthly, akiwaita mababu zetu wanaoishi bado. Fedha zikaja. Ada ya masomo ilifutwa, na mpaka leo haijarudishwa. Wanafunzi kutoka milimani wakafurika, na uwiano wa Weusi ukashuka mwaka hadi mwaka. Wahitimu Weusi walilalamika kwa maandishi. Fee mzee alilalamika pia, na akafa mwaka 1901 akiwa bado analalamika.

Frost ana watetezi wake, na hoja yao ina uzito: Wazungu wa milimani walikuwa maskini wa kweli, na elimu yao ilikuwa haki yao pia. Nakubali. Ninachokitazama mimi ni namna mageuzi hayo yalivyotokea. Halikuhitajika sharti lolote lililoandikwa katika hati ya mchango. Mkuu wa chuo alisoma nyuso za wenye fedha, akaona zinapong'aa na zinapofifia, na hotuba zake zikafuata mwanga. Tunapozungumza juu ya masharti ya wafadhili tunatafuta siku zote kifungu katika mkataba. Kwa uzoefu wangu kifungu cha hatari hakiandikwi. Kinakaa kichwani mwa mwombaji, usiku, anapochagua neno la kuweka kwenye kichwa cha andiko lake.

Januari 1904 mbunge wa wilaya ya Breathitt, Carl Day, alipeleka katika bunge la Kentucky mswada wa kuharamisha shule yoyote yenye wanafunzi wa rangi mbili. Shule moja tu ya juu katika jimbo ilikuwa na sifa hiyo. Sheria ilipita. Iliweka faini ya dola 1,000 kwa taasisi, na kwa mwalimu pia, na ikaruhusu tawi la Weusi iwapo tu lingekuwa umbali usiopungua maili 25. Chuo kilikwenda mahakamani na wakati huo huo kikawalipia wanafunzi wake Weusi nauli na gharama ili wakamalizie masomo Fisk, Hampton na kwingineko. Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu mwezi Novemba 1908. Iliunga mkono sheria ya Kentucky kwa njia ya kimahakama ya kukwepa: Berea ni shirika, jimbo ndilo lililoliumba kwa hati yake, na jimbo linaweza kuibadilisha hati hiyo. Jaji John Marshall Harlan, mwana wa Kentucky, alipinga kwa maandishi makali. Jaji mwingine aliyepinga, kwa kejeli ya historia, aliitwa Day.

Wakati kesi hiyo ikipanda ngazi, ndani ya eneo la chuo lilikuwa linajengwa kanisa jipya kuchukua nafasi ya lile lililoungua mwaka 1902. Zawadi ya kulijenga ilitoka kwa Olivia Phelps Stokes wa New York, na ujenzi ulifanywa na wanafunzi wenyewe. Lilikamilika mwaka 1906, na bado limesimama. Katika chuo kilichoanza kwa imani kwamba mataifa yote yana asili moja, kanisa la wanafunzi lilizinduliwa baada ya wanafunzi Weusi kuondolewa. Naomba jina la Phelps Stokes likumbukwe, kwa maana litarudi.

Kwa Weusi waliofukuzwa, chuo kilitafuta fedha za kuanzisha shule nyingine. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, aliahidi dola 200,000 kwa sharti kwamba kiasi kama hicho kichangwe na wengine, na mwaka 1912 Lincoln Institute ikafunguliwa karibu na Simpsonville. Kwa mizani ya kanuni ilikuwa kushindwa: fedha zilizotolewa kwa ukarimu ziliikamilisha kazi ya sheria ya ubaguzi, na masomo yalielemea ufundi na kilimo. Hata hivyo mkuu wake mashuhuri, Whitney Young mkubwa, aliipa shule hiyo nguvu ambayo waasisi hawakuitarajia, na mwanawe, Whitney Young mdogo, aliyezaliwa pale pale shuleni mwaka 1921, ndiye aliyekuja kuiongoza National Urban League katika miaka ya mapambano ya haki za kiraia. Siwezi kuitumia Lincoln Institute kuthibitisha hoja ya upande wowote.

Miongoni mwa Weusi wa mwisho kuhitimu Berea kabla ya mlango kufungwa alikuwemo Carter G. Woodson, darasa la 1903. Alizaliwa Virginia mwaka 1875, wazazi wake wakiwa wamewahi kuwa watumwa, akafanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe ya West Virginia, akasoma Berea kwa vipindi kadiri alivyopata fedha, na mwaka 1912 akapata udaktari wa historia Harvard. Mwaka 1915 aliasisi chama cha kuchunguza maisha na historia ya Weusi, mwaka uliofuata akaanzisha jarida lake, na mwaka 1926 akaanzisha Wiki ya Historia ya Weusi, ambayo leo imekuwa mwezi mzima. Ikiwa kipimo cha elimu ya uongozi wa haki ni mtu aliyefundishwa kisha akafundisha taifa, basi Woodson ndiye hesabu nzuri kuliko zote katika daftari la Berea.

Sasa tazameni aliyekutana naye njiani. Caroline Phelps Stokes, dada wa Olivia, alifariki mwaka 1909, na wasia wake ukazaa mfuko ulioanza mwaka 1911 kwa ajili ya elimu ya Weusi wa Marekani na wa Afrika, ya Wahindi Wekundu na ya Wazungu maskini. Mkurugenzi wa elimu wa mfuko huo alikuwa Thomas Jesse Jones, aliyetokea Hampton. Mwaka 1917 ilitoka ripoti yake kubwa juu ya elimu ya Weusi, iliyopendekeza wapewe zaidi mafunzo ya vitendo na kuvitilia shaka vyuo vyao vingi vya elimu ya juu. W. E. B. Du Bois aliishambulia. Woodson pia alikuwa mpinzani wa Jones, na uhasama wao ulikuwa wa wazi. Ugomvi haukuwa juu ya jembe na nyundo peke yake. Ulikuwa juu ya nani mwenye haki ya kuamua Mweusi ajue nini.

Woodson alipokea fedha za wakubwa, tusimpake rangi asiyokuwa nayo. Carnegie Corporation na mfuko wa kumbukumbu wa Laura Spelman Rockefeller ziliisaidia kazi yake katika miaka ya 1920. Lakini wafadhili walipotaka chama chake kiingizwe chini ya chuo kikuu fulani alikataa, na katika miaka ya 1930 milango ile ikafungwa. Aligeukia walimu wa shule za msingi, makanisa, vyama vya akina mama, watu waliotuma dola moja moja. Mwaka 1937 alianzisha jarida jepesi kwa ajili ya walimu hao hao. Chama hakikufa.

Jones, kwa upande wake, alikuja kwetu. Tume ya Phelps-Stokes ya Afrika Mashariki ilianza safari yake mwaka 1924, ikapita Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na kusini zaidi, na ripoti yake ikatoka mwaka 1925. Pamoja naye alikuwemo James Aggrey wa Gold Coast, aliyesoma na kufundisha Livingstone College, chuo cha kanisa la Wamethodisti Weusi huko North Carolina, na mwenye kipaji cha kuzungumza kilichowaacha vijana wa Afrika Mashariki na matumaini ambayo ripoti yenyewe haikuwa nayo. Kenya ilikuwa miaka miwili tu tangu watu wapigwe risasi Nairobi walipodai Harry Thuku aachiwe. Tume ilikuja na jibu lililotengenezwa kusini mwa Marekani: elimu inayolingana na kijiji, na usafi, na kilimo. Mwaka huo wa 1925 ilianzishwa Jeanes School pale Kabete, kwa msaada wa Carnegie Corporation, kuwaandaa walimu watakaozunguka vijijini. Jina lilitokana na Anna Jeanes wa Philadelphia, aliyekuwa ametoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za Weusi wa Marekani. Majengo ya Kabete yalitumika baadaye kufundisha watumishi wa serikali ya Kenya huru, na bado ni mahali pa kuwafundisha.

Hapa inafaa niseme neno juu ya kazi za mikono, kwa sababu sisi wa Tanzania tulilelewa katika Elimu ya Kujitegemea na tunaweza kuchanganya mambo. Berea pia iliwataka wanafunzi wote wafanye kazi, na inawataka hadi leo, si chini ya saa kumi kwa wiki. Lakini aliyefyeka nyasi asubuhi alisoma Kilatini mchana, na mtoto wa yeyote aliyekuwepo alifyeka pamoja naye. Katika mpango wa Jones kazi ya mikono ilikuwa ndiyo dari ya mwanafunzi. Jembe ni lile lile, na ndiyo maana hati za wafadhili, zinazotaja majembe na idadi ya wanufaika, hazituonyeshi tofauti.

Wapo waliolijibu jibu la Kabete kwa namna ya Woodson. Mbiyu Koinange alikwenda Hampton kwenyewe mwaka 1927, kiini cha mfumo ule, kisha Ohio Wesleyan, chuo cha Wamethodisti, kisha Columbia. Aliporejea, mwaka 1939 alifungua chuo cha ualimu cha Githunguri kwa ajili ya shule huru za Wakikuyu. Fedha zilichangwa na wananchi, zikikusanywa kwa marika, kila rika likishindana na jingine. Jomo Kenyatta alikiongoza baada ya kurudi kutoka Uingereza. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ya kikoloni ilikifunga. Nawakumbusha wale wanaoamini kwamba michango ya wananchi wenyewe ni kinga ya kutosha: Githunguri haikuwa na mfadhili wa kuikimbia, lakini haikuwa pia na hati ambayo gavana aliiogopa. Berea ilinyang'anywa wanafunzi wake kwa sheria. Githunguri ilinyang'anywa kila kitu.

Berea ilirudije? Sheria ya Day ilirekebishwa mwaka 1950, miaka minne kabla ya hukumu maarufu ya shule za Marekani, na mwaka huo huo chuo kilianza tena kuwapokea Weusi. Walikuwa wachache mno. Mwaka 1965 makumi ya wanafunzi na waalimu wake walisafiri hadi Alabama kuungana na maandamano ya kutoka Selma kwenda Montgomery. Leo kipo chuoni kituo cha elimu ya mchanganyiko wa rangi chenye jina la Woodson, na mwandishi bell hooks, aliyezaliwa Kentucky, alifundisha pale kuanzia mwaka 2004.

Lakini jambo ninalotaka tulione ni la kihasibu. Charles Martin Hall, mvumbuzi wa njia ya kuzalisha aluminiamu, alipofariki mwaka 1914 aliiachia Berea sehemu ya sita ya utajiri wake. Kuanzia miaka ya 1920 bodi ikajiwekea kanuni kwamba urithi wowote usiofungwa kwa sharti uwekwe katika akiba ya kudumu, na chuo kile faida yake tu. Akiba hiyo imepita dola bilioni moja, nayo ndiyo inayowasomesha wanafunzi wapatao 1,500 bila ada. Fedha ya marehemu haina uso wa kusomwa. Mkuu wa chuo wa leo halazimiki kubadili kichwa cha hotuba yake kila tajiri anapobadili mapenzi, kama Frost alivyolazimika. Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa jambo hili na Kentucky: wakfu wa shamba au nyumba kwa ajili ya msikiti na madrasa umefanya kazi hiyo kwa karne nyingi, na aliyetoa nazi zake hakuwa na nafasi ya kurudi kila baada ya miaka mitatu kuuliza viashiria vya mafanikio.

Programu zetu za uongozi na haki, katika vyuo vya makanisa na vya serikali, karibu zote huishi kwa mikataba ya miaka miwili au mitatu. Mwaka wa kwanza hupita katika kuajiri, wa mwisho katika kuandika maombi mapya. Katika vikao ninavyoketi huuliza mambo mawili kila mkataba wa aina hii unapoletwa: ni sehemu gani ya fedha itakayobaki chuoni baada ya mfadhili kuondoka, na ni somo gani lililokuwemo katika rasimu yetu ya kwanza ambalo halimo katika rasimu iliyopelekwa. La kwanza hujibiwa kwa tarakimu, kwa kawaida sifuri. La pili huahirishwa hadi kikao kijacho.